Filamu fupi ya vichekesho vya enzi ya Renesansi kwa shilingi 60,000: kola, kasri na farasi

PatroniNjoro

Habari zenu. Kundi la vijana kumi na wanne hapa Njoro linaandaa filamu fupi ya vichekesho, dakika 12, itakayorekodiwa mwezi wa nane. Hadithi inatokea katika mji wa Italia mwaka 1520 hivi. Mfanyabiashara mzee mchoyo anataka kumwoza binti yake kwa kapteni wa Kihispania anayejigamba, naye mtumishi wa nyumba anaivuruga posa yote. Mazungumzo ni ya Kiswahili. Fedha ni shilingi 60,000. Vifaa: kamera moja ya kubadilisha lenzi, simu mbili nzuri, maikrofoni moja ya kubana kwenye nguo, na cherehani.

Naomba msaada hapa. Ni filamu gani tuzitazame kwa kujifunza? Zile kola kubwa za duara zinashonwaje? Kasri la Egerton litafaa? Farasi tufanyeje? Na wahusika waongee Kiswahili cha namna gani? Katika rasimu ya sasa kila mtu anaongea kama msomaji wa taarifa ya habari, na hakuna anayecheka.

KalamuKakamega

Mwalimu, nianze na lugha kwa sababu hapo ndipo filamu yenu itasimama au kuanguka. Kiswahili sanifu hakina kosa. Kosa ni kuwapa wote Kiswahili kimoja. Vichekesho vya Kiitaliano vya karne ile, commedia dell'arte, vilijengwa juu ya tofauti za ndimi. Pantalone, mzee mwenye mali, aliongea Kivenisi. Dottore, msomi, aliongea cha Bologna na Kilatini kilichovunjikavunjika. Arlecchino, mtumishi, alitoka Bergamo. Capitano alijigamba Kihispania. Mtazamaji alimtambua mtu kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Wahusika wako watatu wamo tayari kwenye orodha hiyo.

Huku kwetu njia ya mkato ni kumpa huyu lafudhi ya Kiluhya, yule ya Kijaluo, mwingine ya Kikuyu. Msiifanye. Nusu ya ukumbi itacheka na nusu itajikunja, na mzaha wenyewe huisha baada ya sentensi mbili kwa kuwa hauna pa kwenda. Gawanyeni mitindo ya usemi badala ya makabila, na fasihi simulizi yetu inawapa kila mnachohitaji.

Mzee aongee kwa methali, lakini kila methali aigeuze hesabu ya dukati, fedha ya Venisi: "Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kimoja ni dukati mbili." Kapteni mpeni majigambo kamili, kama kivugo cha shujaa: "Ndimi radi isiyosubiri mvua! Nimekula ngome tatu, ya nne nikaifanya kiamshakinywa!" Binti na mpenzi wake waongee kwa mizani, kwa sababu hata kwenye commedia wapenzi ndio waliotumia lugha ya kishairi, tena hawakuvaa barakoa. Mizani 8 na 8 kwa mshororo:

Moyo wangu umegoma, hautaki posa hiyo,
Baba hesabu asoma, hayajui niwazayo.

Mtumishi ndiye pekee aongee kama mtu wa mtaani, sentensi fupifupi, tena mara nyingine akiitazama kamera. Hapo utaona kicheko kinatoka kwenye kugongana: shairi linakutana na hesabu, majigambo yanakutana na "Sawa, mkubwa, lakini viatu umevaa kinyume."

Someni kurasa kadhaa za *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Nyerere ya mwaka 1969, msikie mfanyabiashara wa Venisi akinena Kiswahili chenye uzito. Msinakili urefu wa sentensi zake. Zile ni za jukwaani, na kamera haina subira hiyo.

Kuhusu filamu, nne zinatosha, kila moja kwa somo lake.

*Much Ado About Nothing* ya Kenneth Branagh (1993). Karibu yote ilirekodiwa katika jumba moja la shambani Toscana pamoja na bustani zake, ingawa hadithi ni ya Messina, Sisilia. Nguo ni nyepesi, nyeupe-nyeupe, wala hazing'ang'anii mwaka mmoja. Somo: mahali pamoja, rangi chache, jua.

*Monty Python and the Holy Grail* (1975). Fedha za farasi hazikuwepo, ndipo mtumishi akawa anagonganisha vifuu vya nazi nyuma ya bwana wake. Na kasri moja la Uskoti, Doune, lilicheza makasri kadhaa kwa kubadilisha pembe tu. Mkilikosa somo hili mtateketeza bajeti yote kwa usafiri.

*A Knight's Tale* (2001) ni ya karne ya 14, lakini inafunguka kwa umati ukipiga makofi ya wimbo wa roki wa kundi la Queen. Mtazamaji anaambiwa mapema kabisa kwamba wakati umechezewa makusudi, hivyo hashtuki tena baadaye.

*Non ci resta che piangere* (1984) ya Roberto Benigni na Massimo Troisi ndiyo ningeitazama mara tatu. Marafiki wawili wa karne ya 20 wanajikuta mwaka 1492. Kuna afisa wa ushuru mpakani anayewauliza wao ni nani, wamebeba nini, kisha anadai florini moja. Wakirudi hatua mbili kuokota kitu, anaanza upya: mko wangapi, mmebeba nini, florini moja. Mzaha hauongezwi neno. Unarudiwa kwa uso uleule mkavu mpaka mtazamaji anausubiri mwenyewe. Yeyote aliyewahi kupitisha gunia la viazi kwenye kizuizi cha ushuru wa soko ataelewa bila kuelezwa.

FundiPindo_Kibuye

Mwalimu, kabla ya kukata kitambaa, rekebisha mwaka. Kola ya duara yenye marinda haikuwepo 1520. Wakati huo shati lilikuwa na ukingo mdogo tu uliokunjwa shingoni, na vazi la juu lilikatwa mraba. Kola kubwa ni za kuanzia miaka ya 1560 hadi 1620 hivi. Ama uache kola, ama usogeze hadithi hadi miaka ya 1590. Mimi ningesogeza, maana kola kubwa kwa mtu mwenye majigambo ni nusu ya kazi ya kuchekesha. Hawezi kugeuza kichwa bila kugeuza mwili mzima, hawezi kuona sahani yake, na akila lazima kijiko kisafiri mbali.

Vipimo kwa shingo ya sentimita 40: unahitaji utepe wa mita 3.5, upana sentimita 16, ukunjwe katikati ubaki 8. Kwenye kitambaa cha upana wa sentimita 150 hizo ni tepe tatu zilizounganishwa, kwa hiyo nusu mita ya kitambaa hutoa kola moja na kinachobaki hutosha pindo za mikono ya shati. Utepe unakunjwa kwa umbo la nane, si marinda bapa kama ya sketi ya shule. Kila kunjo inasimama urefu wa sentimita 4, inakula sentimita 8 za utepe, na shingoni inakaa nafasi ya sentimita 1. Kunjo 40, shingo imejaa. Zishike kwa mkono, uzi wa maradufu, sindano ipite upande wa shingo peke yake, halafu uzifunge kwenye mkanda wa kitambaa wenye kamba mbili za kufungia nyuma. Upande wa nje, shika kila jozi kwa mshono mmoja mdogo ili umbo lisifunguke.

Kitambaa kiwe pamba, marekani nyepesi au shuka kuukuu jeupe. Poliesta hainywi wanga, ndiyo sababu kola nyingi za michezo ya shule hulala kama sikio la mbuzi. Pika wanga: vijiko viwili vya chakula vya unga laini wa mahindi, ule wa kupikia mchuzi mzito, kwenye nusu lita ya maji. Koroga ukiwa baridi kwanza, ndipo uweke motoni hadi uache weupe na kuwa kama utelezi. Chovya utepe kabla ya kuukunja, anika mpaka uwe na unyevu kidogo tu, kisha pasi ya moto. Ukipiga pasi ukiwa mkavu kabisa, wanga hupasuka na kutoa vumbi. Ukiwa na maji mengi, hushika pasi na kuungua rangi ya chai. Wafundishe vijana kwamba London yenyewe ilijifunza wanga kwa mgeni: mwaka 1564 alifika mwanamke kutoka Flandria, Dinghen van der Plasse, akawa anafundisha kazi hii kwa ada.

Kisumu unyevu wa ziwa huilegeza kola kwa saa mbili au tatu. Njoro kuna nafuu, ila jasho la shingo ni lilelile. Shona kitambaa cha pili chini ya mkanda wa shingo kinyonye jasho, ukibadilishe mchana.

Nguo nyingine hazina ugumu. Koti la mwanamke la mahameli kutoka mitumbani, toa zipu na vifungo vya plastiki, toboa matundu na upitishe kamba. Kaptura za kuvimba hutoka kwenye pazia zito lililojazwa vipande vya sponji, chini taiti nene. Pesa kidogo zikibaki, ziwekeni kwenye viatu. Mtazamaji husamehe koti, lakini soli nyeupe ya raba ikionekana hata kwa sekunde moja ukumbi wote huiona. Funikeni viatu kwa soksi nyeusi nene iliyoshonewa kipande cha ngozi bandia chini.

MasikioNakuru

Naunga mkono miaka ya 1590. Weka 1593 kabisa, Mwalimu. Mwaka huo ndio Wareno walianza kujenga Fort Jesus kule Mombasa, kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milano. Na kati ya 1580 na 1640 mfalme wa Hispania ndiye aliyekuwa pia mfalme wa Ureno. Maana yake kapteni wako wa Kihispania anaweza kusimama sebuleni kwa mzee na kujigamba kwamba ametumwa kuilinda ngome ya Mombasa, bila kuvunja historia waziwazi. Na Mombasa hajaiona! Aeleze simba wanaoogelea baharini na theluji ya Krismasi. Mtumishi na binti hawajui kitu, wanaduwaa. Ukumbi wa Nakuru unajua kila kitu. Kicheko hicho hakinunuliwi kwa vifaa.

Ila asiitaje Kisumu wala Nakuru. Mkishaanza hivyo, mzaha wa Mombasa unakufa, maana nguvu yake ni kwamba ungeweza kuwa kweli.

Sasa sauti. Hapa FundiPindo atanisamehe: kola yenye wanga ni adui wa maikrofoni ya kubana. Kila kichwa kikigeuka inasikika kama mtu anakunja gazeti. Usiifiche chini ya kola. Iweke ndani ya kofia juu ya paji la uso, uibandike kwa plasta ya hospitali, waya upite nyuma ya sikio na mgongoni. Kwa asiye na kofia, weka simu moja ikirekodi sauti mezani, imefichwa nyuma ya bakuli la matunda, umbali usiozidi mita moja na mdomo.

Ndege aina ya kwarara ndio watakaowatesa zaidi kuliko bodaboda. Wanalia wakitoka kwenye miti wanakolala asubuhi na wakirudi jioni, na kilio chao hakifanani na chochote cha Italia. Mazungumzo yarekodiwe kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Rekodini pia dakika moja ya ukimya wa kila mahali, watu wote wakiwa wamesimama, ili mhariri awe na cha kuzibia nyufa.

Mwanga wa nje: tuko karibu kabisa na ikweta, saa sita jua liko utosini, na kofia pana hugeuza macho kuwa mashimo mawili meusi. Uso usipoonekana hakuna kichekesho. Nje fanyeni kabla ya saa tatu na nusu asubuhi na baada ya saa tisa na nusu alasiri. Mnaona saa za nje na saa za sauti zinapishana: asubuhi mapema rekodini matembezi na misukosuko isiyo na maneno, ikifika saa tatu ingieni ndani kwa mazungumzo.

Ndani, mishumaa peke yake haitoshi kwa kamera yenu. Wekeni balbu ya rangi ya joto, 2700K, nyuma ya nguzo au mlango upande uleule wa mshumaa. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo kamera iwe fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Simu nyingi huanza zenyewe kwa fremu 30, na hapo balbu huleta mistari inayotembea ukutani. Haitoki kwenye uhariri. Wekeni programu ya kamera inayowaruhusu kufunga shata, mwanga na rangi.

PatroniNjoro

Asanteni sana. Tumehamia 1593 na Kapteni sasa anaota Mombasa. Naomba bado mnisaidie kuhusu kasri na farasi. Na je, Arlecchino avae barakoa au la?

MzeeLenzi

Kasri la Egerton lilijengwa kati ya 1938 na 1954 kwa ajili ya Bwana Maurice Egerton. Lina umri wa miongo, wala si karne. Kuta za mawe na ngazi zitafaa. Picha ya mbali ya jengo zima haitafaa, kwa kuwa inasema jumba la Mwingereza, wala haisemi mji wa Italia. Mimi ningelitumia siku moja tu: mlango, kona mbili za ukuta, ngazi. Kila kona iwe nyumba ya mtu tofauti, kama walivyofanya kule Doune. Kona nyingine zipatikane kwenye kanisa la mawe au stoo ya zamani ya shambani, kwa idhini.

Andikieni Chuo Kikuu cha Egerton mapema, kwa barua inayotaja idadi ya watu, saa na vifaa. Na kwa kuwa filamu itaonyeshwa kwa umma, ulizeni Bodi ya Uainishaji wa Filamu kuhusu leseni ya kurekodi na uainishaji, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Shughulikieni jambo hilo kabla ya kulipa nauli ya mtu yeyote.

Tazameni nyuma ya waigizaji. Mkaratusi ni mti wa Australia, jakaranda ni wa Amerika Kusini, na yote miwili imejaa Njoro. Saiprasi geuzeni upande wenu: aina yetu ilitoka Mexico, lakini kwa mbali inafanana vya kutosha na ile ya Toscana. Safu ya saiprasi nyuma ya ukuta wa mawe, mabati na nyaya zikiwa nje ya fremu, ndiyo Italia yenu. Kwenye meza msiweke chochote bila kufikiri. Zabibu, mkate, jibini, vitunguu, mayai ni salama. Nyanya, mahindi na viazi vilifika Ulaya baada ya safari za Columbus. Mwaka 1593 mzee mchoyo hangekuwa na chipsi mezani.

Kasoro moja ya makusudi ninaikubali, ile mtakayoichagua na kuitangaza mapema kama walivyofanya kwenye *A Knight's Tale*. Kumi za bahati mbaya zinamfanya mtazamaji awe mkaguzi, na mkaguzi hacheki.

KalamuKakamega

Barakoa ndiyo, kwa mzee, Kapteni na mtumishi. Wapenzi nyuso wazi. Iwe barakoa nusu, kutoka paji la uso hadi mdomo wa juu, ili sauti isizibwe na mdomo uonekane. Finyangeni uso wa udongo wa mfinyanzi, paka mafuta ya kujipaka, kisha vipande vya gazeti kwa gundi ya unga wa ngano: kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vitatu vya maji, ichemke. Tabaka sita, mbilimbili, kila mbili zikauke siku nzima. Mkiziweka zote kwa pamoja, ndani huota ukungu na pua hulala. Matundu ya macho yasipungue sentimita 2.5, la sivyo Kapteni ataanguka ngazini kweli. Pua ya Kapteni iwe ndefu, ya mzee iwe ya kunguru, ya mtumishi iwe fupi na butu.

Ukishavaa barakoa, uso haufanyi kazi tena. Kichwa na mgongo ndivyo vinavyosema. Mzee atembee kiuno kimejikunja mbele, mkono daima kwenye mfuko wa fedha. Zoezeni mwendo wiki moja kabla ya maneno.

MasikioNakuru

Farasi: msirudie mzaha wa vifuu wazi mbele ya kamera, umeshakuwa wa wenyewe. Farasi wa Kapteni asionekane kamwe. Awe nyuma ya ukuta wa mita moja na nusu, tuone kichwa na kola ya Kapteni tu vikipanda na kushuka, naye anatembea kwa miguu akikunja magoti. Sauti ndiyo farasi. Akishuka na kuingia sebuleni, farasi aendelee kutembea nje, peke yake, kwa sekunde tano zaidi. Mtumishi atazame dirishani, kisha atutazame sisi.

Nazi moja hutoa jozi. Kata katikati kwa msumeno, usipasue kwa panga, kwani kingo zikipishana mlio unakuwa wa kopo. Kwangua nyama yote na ukaushe juani siku mbili. Gonga juu ya sinia la changarawe kwa barabara ya mawe, na juu ya blanketi lililokunjwa kwa udongo. Farasi anayetembea hupiga mapigo manne yaliyo sawa. Wa mchakamchaka, mawili. Anayekimbia kwa raha, matatu kisha kimya kifupi. Wengi hupiga mapigo mawili kwa kila mwendo, na mlio unabaki wa saa ya ukutani. Maikrofoni iwe sentimita 30 kutoka kwenye sinia.

PatroniNjoro

Swali la mwisho, dada FundiPindo. Vijana wanataka kola ya Kapteni iporomoke mbele ya kamera wakati uongo wa Mombasa unafichuka. Inawezekana kwa kola moja?

FundiPindo_Kibuye

Kwa moja hapana, shona mbili zinazofanana. Ya kwanza ina wanga kamili na mishono yote. Ya pili ina wanga mwepesi, kijiko kimoja kwa nusu lita, na upande wa nje usiishike kwa mishono ile midogo niliyoitaja. Dakika mbili kabla ya shoti, inyunyizie maji ya vuguvugu kwa chupa ya saluni, upande wa chini tu, ili ukingo wa juu ubaki ukionekana mkavu. Mtumishi amfungulie kamba ya nyuma kidogo huku akijifanya anamfuta vumbi, na uzito wa maji utaivuta yenyewe mpaka kifuani kwa muda wa pumzi nne au tano. Kapteni asiishike, aendelee kujigamba.

Rekodini kwanza shoti zote za kola iliyosimama, kwa sababu ile ya pili ikishalowa haisimami tena siku hiyo, hata kwa pasi.